Pamba Ndani ya Difu

Mguno ulitangulia. Nilikuwa uani, nimeinamia beseni la vyombo, na kati yangu na geti ilisimama nyumba nzima, kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia tu: mguno mzito, mrefu, wa mtu mzima anayeinuka kwenye kigoda huku ameshika kiuno. Ulianzia nje ya geti, ukazunguka kona ya ukuta, ukaishia pale ambapo baba alizoea kuegesha. Kisha kimya.

Mama alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, ungo wa choroko mapajani, akichagua mawe kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yameacha kumsaidia kwa kazi hiyo. Aliusikia kama nilivyousikia. Akaweka ungo chini, akainuka, akapapasa ukuta hadi lilipo sufuria kubwa, akalijaza maji, akaliinjika.

"Maji ya nini, mama?"

"Ya kuoga baba yenu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Karudi."

Baba tulimzika Dutwa, kwao, mwanzo wa masika. Sasa ilikuwa kiangazi, malori ya pamba yalikuwa yameanza kupita, na michongoma ya kando ya barabara yetu ilikuwa imeshika vishada vyeupe. Nilisimama na kikombe chenye povu mkononi nikimtazama anavyosikiliza. Alikuwa anasubiri viatu viguse sementi, koo likoholewe, kama kila jioni ya maisha yao. Viatu viligusa sementi. Lakini sauti iliyobisha hodi ilikuwa ya baba mdogo, na mama akaondoa mkono wake juu ya mfuniko taratibu, kama aliyeungua. Maji yale yalichemka mpaka yakakauka. Hakuna aliyeyagusa.

Baba mdogo alikuwa ameleta gari. Tangu mazishi lilibaki Dutwa, ubavuni mwa ghala ambalo baba alikuwa akinunulia pamba, kwa sababu siku ile kila mtu alirudi Bariadi na usafiri mwingine na hakuna aliyesema kwa nini. Bariadi nzima ililijua. Lilikuwa gari jeusi la juu, la familia ukilitazama kwa mbali, lakini chini ya boneti lilikuwa na injini ya silinda nane iliyotengenezwa kwa watu wa nchi zenye barabara ndefu na haraka nyingi. Baba alilinunua Mwanza, likiwa limetumika, akiwa ameshazeeka. Watu walilipa jina la nzagamba, dume la mbegu, lile ambalo likiingia zizini ng'ombe wengine wanasogea.

"Nimewaletea nzagamba wenu," alisema baba mdogo, akinikabidhi funguo kwa mikono miwili. "Njiani hakusema kitu. Lami yote kimya. Nikajiambia, basi leo kapumzika. Kufika hapa getini nikakata kona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Kwa hiyo naondoka na bodaboda."

"Baba mdogo, hata chai?"

"Chai nitakunywa kwangu, ambako kila anayeguna namwona."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Gari lilihitajika kwa sababu ya macho ya mama. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia, daktari wa Mwanza alisema bado linaokoleka kwa upasuaji, lakini tusisubiri msimu mwingine; tukichelewa nalo litafuata mwenzake. Alitupa nafasi, na mimi nilitoka Dar es Salaam, nikaacha kitabu nilichokuwa nikiandika kikiwa katikati ya sura, ili nimpeleke. Kila kitu kilikuwa tayari. Jioni ile, baba mdogo alipokwisha kuondoka, mama alisema haendi.

"Tukapande basi, basi," nikamwambia. "Kama ni gari."

"Basi halina kosa. Mimi ndiye siendi."

Alikaa na jambo lake mpaka asubuhi. Nilipompelekea uji alinishika mkono kabla sijauweka mezani.

"Sasa hivi namsikia tu," alisema. "Kumsikia naweza. Nimeshazoea kumsikia. Wakinifungua macho, nikarudi hapa, akaguna pale getini, nami nikageuka. Nitaona nini?"

"Utaona gari, mama."

"Wewe umetazama?"

Sikuwa nimetazama. Kwa hiyo nilikwenda kutazama.

Niliingia upande wa dereva, na nilipowasha, kiti kilianza kurudi nyuma chenyewe. Kilikwenda polepole, kikinibeba, kikishuka, kikilala kidogo, hadi miguu yangu ikaachana na pedali. Magari ya aina ile hukumbuka mkao wa mwenye ufunguo. Nilijua hivyo. Hata hivyo nilikaa pale nimenyoosha miguu hewani, ndani ya umbo la mtu mrefu kuliko mimi, na ilinichukua muda kuthubutu kubonyeza kitufe cha kukisogeza.

Nililipeleka uwanja wa wazi, ng'ambo ya mashine ya kukoboa, wakati watoto walikuwa hawajatoka shule. Kwenye mstari ulionyooka lilikuwa kimya na tamu, linakwenda kama maji kwenye bomba. Nikapunguza mwendo, nikakata kona kali. Likaguna. Sauti ilitoka nyuma yangu, chini na nyuma, mahali ambapo abiria wa kiti cha nyuma angekuwa na kiuno chake. Nikakata kona upande wa pili. Likaguna tena, fupi zaidi, kama mtu anayejibu swali lile lile mara ya pili. Nilitazama kwenye kioo cha ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na vumbi la asubuhi limetulia juu ya ngozi yake bila alama.

Nimelelewa nyumba yenye trekta. Nilijua kwamba chuma hakigunii watu bila sababu. Nilikaa kwenye kivuli cha mashine nikasoma kwenye simu yangu hadi nikaelewa: difu la nyuma la gari la mbio, lile bonge la gia kati ya magurudumu mawili, lina sahani ndogo ndani yake, zinazosuguana ili gurudumu moja likiteleza lingine lisaidie. Sahani hizo zina oili yake maalumu. Ukizinyima, au ukiziwekea oili ya kitu kingine, zinakamatana kwenye kona, zinaachiana, zinakamatana tena, na sauti yake ni hiyo. Ulikuwa ugonjwa unaojulikana, na dawa yake ilikuwa inauzwa.

Nilimsomea mama yote, neno kwa neno, nikiligeuza Kisukuma pale Kiswahili kilipomchosha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lilianza kuguna baba yako akiwa hai," akasema. "Msimu wa mwisho. Naye alikuwa anaguna, na gari linaguna. Nikiwa ndani nilikuwa siwezi kuwatenganisha."

"Nitakutenganishia, mama. Nitamwaga oili yote, difu, transfa, gia boksi. Nitaweka mpya. Kona ya geti ikiwa kimya, twende Mwanza."

Alifikiri.

"Fungua," alisema. "Lakini mtu baki asiliguse. Baba yako aliogeshwa na ndugu zake. Gari lake litafunguliwa na mwanawe."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye duka la spea karibu na stendi, mbele ya mzee mwenye kofia ya darizi aliyehamia Bariadi kutoka Kigoma zamani, tukiwa wadogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Nataka oili ya difu, ile ya difu lenye sahani. Na ya transfa. Na ya gia boksi."

Akanitazama juu ya miwani. "Fundi wako nani?"

"Mimi."

"Wewe." Akacheka bila ubaya. "Na mume atakula nini wakati wewe uko chini ya gari?"

"Atakula oili chafu, mzee."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi huyo utampata hapa hapa Bariadi. Wanaume wa hapa hawachagui." Alipomaliza kujifuta macho akasema kwamba ile ya difu hakuwa nayo; yeye anauza ya malori na matrekta, hiyo nyingine itatoka Mwanza kwa basi, na nisikubali mtu kuniambia ni kitu kimoja. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, akipanga makopo ambayo yalikuwa yameshapangwa: "Ni kweli linaguna?"

"Ni oili tu, mzee."

"Inshallah," akasema.

Oili ilifika. Nilichagua mchana, jua likiwa juu kabisa, kwa sababu nilitaka kuona kila kitu. Sikujua kwamba mchana wa kiangazi wa Bariadi una ukimya wake. Watu wako kwenye pamba, mbwa wako chini ya vitanda, bati zinalia tik, tik, kwa joto, na vumbi jeupe limening'inia hewani bila kwenda popote. Kwanza nililizungusha gari mjini ili oili ipate moto na iwe nyepesi. Nikaliegesha kwenye sementi iliyo sawa, nikaweka gia huru, nikalikingia mawe mbele, nikalinyanyua nyuma kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi za chuma. Magurudumu mawili ya nyuma yakabaki hewani.

Mama alikuja na kigoda chake akakaa upande wa kulia, karibu kabisa, kiganja chake kikiwa juu ya tairi kama mtu anayepima homa. Mimi nilikuwa upande wa kushoto. Nilitaka kujua kama breki imeachia, nikalisukuma gurudumu la upande wangu kidogo.

"Amegeuka," alisema mama.

"Nani?"

"Sijamgusa. Amegeuka mwenyewe."

Nikamweleza, nikiwa nimelala chali chini ya tumbo la gari, kwamba kwenye difu la aina ile ukizungusha gurudumu la huku na la kule linafuata, zile sahani ndizo zinazolivuta. Nilimwonyesha tena. Nilisukuma, na upande wake nikasikia ngozi ya kiganja chake ikiburuzwa taratibu na mpira. Hakukiondoa. "Tena," akasema. Nikasukuma tena. Tulifanya hivyo kwa muda, mimi nikisukuma na yeye akisukumwa, hadi nikaona kwamba si maelezo yangu aliyokuwa akiyasikiliza.

Kanuni ya kazi hii, nayo niliisoma, ni kwamba boliti ya juu, ya kujazia, inafunguliwa kabla ya ile ya chini ya kutolea. Ukimwaga oili kwanza halafu ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari lisilo na damu na huna pa kulirudishia. Nikaweka spana kwenye boliti ya juu, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ilikataa, ikakataa, kisha ikakubali kwa mlio mkavu. Niliizungusha kwa vidole, na ilipokaribia mwisho difu likavuta pumzi.

Sina namna nyingine ya kulisema. Liliivuta ndani, ndefu, nyembamba, kama mtu anayeamshwa. Najua sababu: kuna tundu dogo la kupumulia juu ya difu, na la kwetu lilikuwa limeziba kwa vumbi, basi difu lilipoanza kupoa lilinyonya hewa kupitia njia niliyoifungua. Nilijua hata wakati ule. Lakini mama upande wa pili alikuwa ameinua kichwa, uso wake umegeukia sauti ilipotoka, na alisema jambo dogo kwa Kisukuma, jambo la kumtuliza mtu, la kumwambia ni sisi.

Boliti ilikuwa imevishwa kitu kwenye meno yake ya kukazia, kitu kilaini kilichogandamana. Sikukitazama vizuri. Nikasogeza karai, nikafungua ya chini.

Oili ilitoka nyeusi na nzito, ikinuka kiberiti. Ilitoka kwa kamba moja iliyonyooka hadi kwenye karai. Halafu kamba ikaanza kuwa na mikunjo. Kitu kilikuwa kinashuka pamoja nayo, nyuzi nyuzi, ndefu, zimeshikana, zinaning'inia kwenye mdomo wa tundu na kurefuka. Nikanyoosha kidole, zikajiviringisha kwenye kidole changu.

Nilirudi nyuma kwa nguvu nikagonga kichwa kwenye ekzosi.

"Kuna nini?" aliuliza mama.

"Nywele," nikasema. Sikukusudia kulisema neno hilo. Lilitoka.

Mama hakushtuka. Alinyoosha mkono chini ya gari, kiganja kimefunguliwa, akasubiri. Nilizivua kidoleni nikamwekea. Akazisugua kwa gumba, akazinusa, akazivuta kutoka kila upande aone kama zitakatika.

"Hii pamba," alisema.

Kisha vidole vyake vikaanza kufanya kazi ambayo nimewahi kuviona vikifanya kwenye unga, kwenye nguo, kwenye paji la uso la mtoto. Vilifuata uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Vilirudi. Viliufungua kidogo na kuuachia ujifunge tena.

"Imesokotwa kushoto," akasema.

Baba alikuwa na gumba la kulia lisilokunja. Mnyororo wa jembe la ng'ombe ulimkata akiwa kijana kule Kimali, alikokuwa akichunga. Tangu hapo kila alichosokota alikisokota kwa mkono wa kushoto, na kilikwenda kinyume na vya watu wengine. Kamba za ndama, kamba ya kuanikia nguo, zote. Mama aliweza kuijua kamba ya nyumba yetu gizani katikati ya kamba za kijiji kizima.

Basi nikaelewa kilichotokea. Wazee wa matrekta wa Dutwa wana mtindo wao. Boliti ya difu ikivuja, na washa, ile pete ya kuzibia, imekwisha, wanachukua pamba mbichi kutoka kwenye lundo, wanaisokota, wanailoweka kwenye oili, wanaizungusha kwenye meno ya boliti, wanakaza. Difu la trekta ni kubwa na lina subira; linaitafuna pamba ile miaka na miaka bila kulalamika. Baba, msimu wake wa mwisho, alikuwa ameingia chini ya gari hili, peke yake, na ule mwili wake uliokuwa umeanza kumwacha. Alikuwa amemwaga oili yake akaweka ya trekta, iliyokuwa kwenye pipa la ghala. Alikuwa amesokota pamba yake mwenyewe. Kwake oili ilikuwa oili na difu lilikuwa difu. Alilitunza gari kwa njia aliyoijua, na hakumwambia mtu.

Nilimwambia mama hivyo, nikiwa bado nimelala pale chini, nikisema kuelekea kwenye chuma.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema mama.

"Ni mkono wake, mama. Si yeye."

"Na mkono wake ni wa nani?"

Oili iliendelea kudondoka, sasa tone kwa tone. Nilifikiri ataifunga ile pamba kwenye pindo la kitenge chake, na nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia kwamba inachafua. Badala yake aliinama akaitupa kwenye karai, palepale, ikazama.

"Maliza," akasema.

Nilimaliza. Nilitoa kwa ndoano ya waya nyuzi zilizobaki ndani, nikafuta sumaku ya boliti iliyokuwa imevaa ute wa kijivu wa chuma kilichosagika, nikafungua tundu la kupumulia kwa sindano. Niliweka washa mpya za shaba. Nilisukuma oili ya Mwanza kwa pampu ya mkono, polepole, hadi ilipoanza kurudi kwenye mdomo wa tundu la juu, dalili kwamba imejaa. Nikaenda kwenye transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, katikati ya gari, nikakuta hiyo haikuguswa na baba. Oili yake ilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Ya gia boksi ilitoka nyekundu iliyoungua, ikanilowesha hadi kwapani. Difu la mbele lilikuwa zima. Jua lilikuwa limeshuka nilipotambaa kutoka chini kwa mara ya mwisho, mgongo wangu umeshikana na sementi, na mama alikuwa bado yuko kwenye kigoda chake.

Jirani yetu, mama mmoja anayefuga, alichungulia juu ya ukuta.

"Hiyo oili chafu mnaimwaga? Nguzo za zizi langu zinaliwa na mchwa."

Nilitaka kukataa, lakini mama aliwahi. "Chukua, jirani. Chukua yote." Akachukua kwenye dumu, akashukuru, wabeja, wabeja, na kupitia ukuta tulisikia brashi yake ikienda juu na chini kwenye miti.

Nililishusha gari, nikaliwasha, nikalitoa nje ya geti na kuligeuza. Mama alisimama ndani, kwenye kona yenyewe, mkono kwenye ukuta. Nilikata kona kali na polepole, kali kuliko baba alivyowahi kuikata. Hakuna kitu. Changarawe tu chini ya matairi. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Hakuna kitu. Nilihisi furaha ya kitoto, nikapiga honi kidogo, nikazima injini nikashuka.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Hajaguna."

"Hajaguna," alikubali. "Kumbe yalikuwa mafuta. Alikuwa na haki ya kuguna." Aliupapasa ubavu wa gari hadi kwenye dirisha la nyuma, akaweka kiganja kwenye kioo. "Sasa hana sababu. Lakini yumo."

"Mama."

"Yumo. Ametulia tu."

Hapo hapo jirani aliita kutoka ng'ambo, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Jamani, mmenipa oili ya nini? Ng'ombe wangu wamesimama nje. Hawataki kuingia zizini."

Nilipanda juu ya tofali nikatazama. Walikuwa wamesimama kwenye mwanga wa machweo, kundi zima, mbele ya mlango ulio wazi, vichwa vimeinama, pua zinapanuka. Hawakulia wala kurudi nyuma. Walitazama zizi lao kama mtu anavyotazama chumba chenye mgeni. Nilimwambia jirani ni harufu ya kiberiti, oili za gia zina kiberiti ndani yake, ikikauka wataingia. Akaniambia asante kwa sauti ya mtu ambaye hakushukuru.

Nilidhani basi safari imekufa. Lakini mama alikuwa ameshaingia ndani, na nilimkuta anakunja nguo zake kwenye mfuko.

"Mtu akiguna huwezi kumwambia kitu," alisema. "Unamwacha aumwe kwanza. Akitulia ndiyo unamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kesho."

Tuliondoka asubuhi, ukungu mwembamba ukiwa bado kwenye mashamba. Nilimfungia mama mkanda kwenye kiti cha mbele. Kwenye kona ya geti gari lilipita kimya. Tuliingia lami. Magari ya kwenda mnadani yalikuwa machache, baiskeli zilikuwa nyingi, kila moja na gunia lake la pamba limekaa nyuma kama mtu mnene. Mara moja tu mama aligeuza sikio kuelekea kiti cha nyuma, kwa adabu, kama anayesubiri kuombwa njia. Nami, ambaye nilikuwa nimemwaga na kujaza kila kitu kwa mikono yangu, ambaye nilijua kila boliti ilivyokazwa, sikutazama kwenye kioo cha ndani tangu Bariadi hadi Dutwa.

Kabla ya kufika sokoni Dutwa kuna njia ya udongo inayokata kushoto, inakwenda kwa kina baba. Kutoka pale huoni nyumba wala kaburi. Unaona mashamba yaliyovunwa, mabua meusi, na mbali kidogo kilima cha mawe.

"Simama hapa," mama akasema.

Hakuwa ameona chochote cha kumwonyesha kwamba tumefika. Nikasimama kando, nikaacha injini ikiunguruma.

"Nikushushe, twende kaburini?"

"Sisi tuna safari yetu. Yeye ndiye aliyefika." Alifungua mkanda mwenyewe, akashuka, akaufuata ubavu wa gari kwa kiganja hadi mlango wa nyuma. Nilishuka haraka upande wangu nikazunguka ili nimshike, kwa sababu ukingo wa lami pale una mtelemko, lakini alinizuia kwa mkono. "Nikirudi na macho," akaniambia, "nataka nikute kiti hiki ni kiti."

Akaufungua mlango hadi mwisho. Akasogea pembeni kumpisha.

Alisema kwa Kisukuma maneno ya kila siku, ambayo amewahi kumwambia baba mara nyingi nikiwa nasikia: kwamba atangulie, kwamba yeye atachelewa kidogo, kwamba asimsubiri kwa chakula. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa anakuja. Alituona, akashuka, akasimama mbali, akavua kofia bila kuulizwa.

Gari lile lina springi za upepo. Abiria akipanda linazama kidogo, akishuka linajiinua tena, na hufanya hivyo taratibu, kwa pumzi ndogo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, mkono wangu umeegemea paa. Nililihisi likijiinua.

Mama alisubiri, kama unavyomsubiri mtu mzima ambaye miguu yake haina haraka, hadi aliporidhika kwamba ameshashika njia. Kisha akausukuma mlango kwa viganja vyote viwili, akaufunga nyuma yake.